Pedi Mpya, Pedali Laini: Usiondoke Gereji kwa Ahadi ya "Itajikaza Yenyewe"

Safu hii ya elimu kwa umma kwa kawaida huzungumzia leseni za biashara, chanjo za watoto au utaratibu wa kulipia huduma. Katika toleo hili tunashuka hadi kwenye sakafu ya gari, pale mguu wa kulia wa dereva unapokutana na pedali ya breki. Wapo watakaouliza jambo hilo linaihusu vipi Halmashauri. Linaihusu kwa kuwa mgonjwa anayepelekwa Peramiho, mwalimu anayerudi kituoni Jumapili jioni na muuguzi anayepeleka chanjo kijijini wote hupita katika barabara zenye kupanda na kushuka, na wote huyaweka maisha yao juu ya pedali ambayo hawaikanyagi wao.

Nianze na yaliyonipata mimi mwenyewe. Mwaka jana, kabla ya mvua kuanza, nilipeleka gari langu dogo, Toyota iliyokwishatumika kwa miaka mingi, katika gereji moja. Pedi za breki za mbele zilikuwa zimelika hadi chuma kikawa kinasaga chuma. Fundi kijana alizibadilisha kwa muda usiozidi saa moja, kwa wepesi wa mikono ambao sikuwa na sababu ya kuutilia shaka. Nilipokanyaga breki wakati wa kutoka uani, pedali ilishuka kwa ulaini wa godoro la sponji, ikaja kushika karibu kabisa na sakafu. Nikamweleza. Akanijibu kwa utulivu, "Pedi ni mpya hizo, bosi. Itajikaza yenyewe ukitembea." Nikalipa, nikaondoka.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nikimpeleka mama yangu kliniki Peramiho. Katika mteremko mmoja, lori lililokuwa mbele yetu likapunguza mwendo ghafla ili kupisha ng'ombe waliokuwa wakivuka. Nikakanyaga breki, pedali ikaenda hadi chini bila kupata kitu. Nikakanyaga tena, nikakanyaga mara ya tatu, na mara hiyo ya tatu gari likashika. Lilisimama hatua chache nyuma ya lori. Mama hakuwa ametambua lolote. Aliniuliza tu, "Umechoka, mwanangu? Si tupumzike kidogo?"

Nilipaswa kuliacha gari palepale. Sikuliacha, niliendelea kwa gia ndogo hadi hospitalini, na kosa hilo ni langu peke yangu. Baada ya kumfikisha mama nilimtafuta fundi mtu mzima wa pale jirani, nikamwamkia na kumweleza. Alifungua magurudumu yote manne mbele ya macho yangu, akanifundisha huku akifanya kazi. Mimi si fundi, ni Afisa Habari. Ninayoyaandika hapa nimeyapata kwake, nikayalinganisha na kitabu cha matengenezo cha gari lenyewe.

Kinachotendeka chini ya mguu

Dereva anapokanyaga pedali, fimbo fupi husukuma pistoni zilizomo ndani ya silinda kuu, ile ambayo mafundi wetu huiita masta. Silinda hiyo imejaa mafuta ya breki. Mafuta hayo husafiri katika mabomba membamba ya chuma, kisha katika mipira inayopinda pamoja na magurudumu, hadi kwenye kalipa. Ndani ya kalipa ipo pistoni nyingine, nene zaidi, ambayo husukumwa na mafuta na kuzibana pedi kwenye diski inayozunguka pamoja na gurudumu. Magari mengi madogo yaliyopo hapa yana diski mbele na ngoma nyuma. Ndani ya ngoma kazi ya pedi hufanywa na viatu vya breki vinavyotanuka.

Mfumo huu wote unategemea jambo moja tu: kwamba mafuta hayabonyei. Ukiyasukuma upande huu, yanasukuma upande ule, papo kwa papo. Hewa ina tabia nyingine. Hewa hubonyea. Kiputo cha hewa kikiwa ndani ya bomba, mguu wa dereva hutumika kwanza kukibana kiputo hicho, na kinachobaki ndicho kinachozifikia pedi. Ikumbukwe kwamba kiasi cha mafuta kinachosukumwa kwa mkanyago mmoja wa kawaida katika gari dogo ni kidogo mno. Hakijazi hata kijiko kimoja cha mezani. Kwa hiyo kiputo ambacho mtu angekidharau, chenye ukubwa wa punje chache za maharage, chatosha kuimeza sehemu kubwa ya safari ya pedali. Ndiyo sababu pedali yenye hewa hudunda chini ya mguu kama sponji, na ndiyo sababu ukiikanyaga haraka mara mbili tatu hupanda na kuwa ngumu kidogo: kila mkanyago huongeza mafuta kabla yale ya awali hayajarudi yote.

Pedi hazina hewa ndani yake

Hapa ndipo somo lenyewe lilipo, nami naomba msomaji alishike. Kubadilisha pedi peke yake hakuingizi hewa katika breki. Pedi ni kavu. Hazigusani na mafuta mahali popote. Fundi anayezitoa za zamani na kuweka mpya, bila kufungua bomba wala skrubu yoyote ya mafuta, hajaupa upepo mlango wa kuingilia. Basi ikiwa pedali ilikuwa imara jana na leo ni laini, liko jambo jingine lililofanyika au lililofichuliwa wakati wa kazi hiyo, na jambo hilo halitajirekebisha kwa kutembea barabarani.

Ahadi ya "itajikaza yenyewe" inaaminika kwa urahisi kwa sababu ina chembe ya ukweli. Pedi mpya zinahitaji muda wa kuzoeana na diski. Katika kilomita mia chache za mwanzo breki huweza kushika kwa unyonge kidogo, na dereva hushauriwa kukanyaga kwa upole na kuacha nafasi kubwa mbele yake. Lakini unyonge huo upo katika kushika, haupo katika pedali. Pedali yenyewe inapaswa kuwa juu na imara tangu gari linapotoka uani.

Upo pia ukweli wa pili unaochanganya watu. Pedi za zamani zilipokuwa zinalika, pistoni za kalipa zilikuwa zinatoka nje kidogo kidogo kuzifuata. Pedi mpya ni nene, hivyo fundi hulazimika kuzirudisha pistoni ndani kabisa. Baada ya hapo mikanyago michache ya mwanzo huenda chini bila upinzani, hadi pistoni zizifikie pedi tena. Jambo hili ni la kawaida kabisa, na linapaswa kufanyika gari likiwa limesimama, injini ikiwa imezimwa, kabla tairi halijazunguka hata mara moja. Dereva anayelitoa gari uani bila mikanyago hiyo ataigundua hali hiyo kwenye lango, au kwenye ukuta wa jirani.

Hewa huingiaje, basi? Mara nyingi ni wakati huohuo wa kuzirudisha pistoni. Zinaporudi ndani, mafuta hupanda na kutaka kumwagika kwenye kichupa kilicho juu ya silinda kuu. Baadhi ya mafundi huzuia hali hiyo kwa kufungua skrubu ndogo ya kutolea upepo kwenye kalipa, ili mafuta ya zamani yatokee pale. Si njia mbaya; wapo mafundi wazuri wanaoipendelea kwa kuwa haiurudishi uchafu juu. Ubaya ni kuichelewesha skrubu hiyo kufungwa, au kumruhusu mtu akanyage na kuachia pedali ikiwa bado wazi. Pedali inaporudi, hunyonya hewa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwenye gari langu, gurudumu la mbele kushoto.

Yako pia makosa ambayo hayahusiani na hewa. Pedi iliyokaa upande, au kalipa ambayo pini zake za kutelezea zimekauka kutu, huifanya pedi iguse diski kwa pembe; mguu hutumika kuinyoosha kabla ya kuibana, na dereva huhisi sponji. Kalipa iliyoachwa ining'inie kwa mpira wake wakati wa kazi huujeruhi mpira huo ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Na kama kalipa ziliondolewa zote mbili, huweza kurudishwa kushoto kwa kulia. Zikirudishwa hivyo, skrubu ya kutolea upepo huwa chini badala ya kuwa juu, na kwa kuwa hewa hukaa juu ya mafuta, mtu anaweza kutoa upepo tangu asubuhi hadi adhuhuri asiupate wote. Fundi yule mtu mzima alicheka aliponieleza hilo. Alisema limewahi kumpata yeye mwenyewe ujanani, akamaliza chupa nzima ya mafuta kabla ya kuinua macho na kuona.

Lipo moja la mwisho, nalo ni la hila zaidi kwa magari yetu makuukuu. Kwa miaka mingi pistoni za silinda kuu zimekuwa zikitembea sehemu ileile fupi, kwa sababu pedali haikuwahi kufika chini. Sehemu ya mbele ya silinda, ambayo haijaguswa, imekusanya kutu na uchafu. Siku ya kubadilisha pedi, mikanyago ya mwanzo hufika hadi sakafuni, na sili laini za mpira hupita juu ya kutu hiyo na kuchanika. Mwenye gari huapa kwamba breki zilikuwa nzima hadi siku ile, naye anasema kweli. Kwa sababu hiyo fundi mwangalifu huweka kipande cha ubao chini ya pedali ya gari la zamani ili isifike mwisho wa safari yake.

Kuisikiliza pedali

Kabla ya kununua kifaa chochote, dereva anaweza kupata majibu mengi kwa mguu wake tu, gari likiwa limesimama mahali tambarare na breki ya mkono ikiwa imevutwa. Zima injini. Kanyaga na kuachia mara kadhaa, kisha kanyaga na ushikilie kwa nguvu ya wastani kwa muda wa nusu dakika.

Ikiwa pedali inapanda kwa mikanyago ya haraka lakini inadunda, shuku hewa. Ikiwa inapanda na kuwa ngumu kabisa bila kudunda, huenda hakuna hewa. Tatizo ni nafasi kubwa mno mahali fulani, na mara nyingi ni viatu vya breki vya nyuma ambavyo havijarekebishwa vikawa mbali na ngoma. Ikiwa unaishikilia nayo inazama taratibu, kama mtu anayesinzia, basi mafuta yanavuja. Tazama chini ya gari na nyuma ya kila gurudumu. Usipoona unyevu, na kiwango katika kichupa hakipungui, mtuhumiwa ni silinda kuu yenyewe, inayovujisha ndani kwa ndani kupitia sili zilizochoka. Pedali ya namna hiyo haitibiwi kwa kutoa upepo, hata urudie mara kumi.

Kisha washa injini huku mguu ukiwa juu ya pedali. Pedali ikishuka kidogo na kutulia, usiogope; hiyo ni busta inayomsaidia dereva, na inafanya kazi ipasavyo. Wengi huifasiri dalili hii vibaya na kununua silinda kuu wasiyoihitaji.

Kutoa upepo

Ikithibitika kwamba ni hewa, hutolewa. Kazi hii huhitaji watu wawili wanaoelewana, spana ya pete inayokaa sawasawa kwenye skrubu (namba 8 au 10 kwa magari mengi madogo), mpira mwembamba unaoonyesha ndani, chupa safi, na mafuta mapya ya breki katika chombo ambacho hakijafunguliwa kabla ya siku hiyo. Gari likiinuliwa, likae juu ya stendi za chuma. Jeki peke yake huteleza, na mawe au matofali hupasuka. Sitaki kusikia habari za mtu aliyekuwa chini ya gari akitoa upepo juu ya tofali.

Kichupa cha silinda kuu hujazwa kwanza, nacho kitaangaliwa kila baada ya mikanyago michache, kwa kuwa kikikauka hewa huingia upya kwa juu na kazi huanza mwanzo. Kwa magari mengi huanzwa gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu. Usukani wetu uko kulia na silinda kuu iko upande huohuo, hivyo mpangilio wa kawaida ni nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, na mwisho mbele kulia. Baadhi ya magari yana mpangilio wake, na kitabu cha gari ndicho kinachotawala.

Mpira huchomekwa kwenye skrubu, ncha yake ya pili ikazamishwa katika mafuta ndani ya chupa. Aliye ndani hukanyaga taratibu, hushikilia, na kusema, "Nimeshika." Aliye nje hulegeza skrubu, mafuta hutoka yakiwa na viputo, na pedali hushuka. Skrubu hufungwa pedali ikiwa bado chini, na ndipo tu aliye nje husema, "Achia." Neno hilo moja likitangulia skrubu kufungwa, hewa iliyotoka hurudi. Huendelea hivyo hadi mafuta yatoke safi, bila kiputo hata kimoja, kwa mikanyago kadhaa mfululizo. Mafuta yaliyotoka hayarudishwi kwenye gari hata yakionekana safi, maana yamebeba hewa na uchafu.

Haraka ni adui hapa. Kukanyaga kwa kishindo huvunja kiputo kimoja kikubwa kuwa vidogo vingi vinavyokataa kutoka. Asiye na msaidizi anaweza kulegeza skrubu na kuyaacha mafuta yadondoke yenyewe kwa uzito wake, akiongeza kichupa kwa subira. Ni njia ya polepole, lakini ni ya kuaminika. Kwa gari lenye mfumo wa ABS, hewa ikishaingia ndani ya kizio chake huenda isitoke bila mashine ya uchunguzi ya kuendesha vali zake. Hilo mwachie fundi mwenye mashine hiyo.

Kuhusu mafuta yenyewe, soma mfuniko wa kichupa. Magari mengi huandikwa DOT 3 au DOT 4. Viwango hivyo vinataka mafuta mapya ya DOT 3 yasichemke chini ya nyuzi joto 205 za Selsiasi, na ya DOT 4 yasichemke chini ya 230. Lakini mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa mwaka baada ya mwaka, na yakishaunyonya, viwango huruhusu kiwango cha kuchemka kushuka hadi 140 na 155. Watengenezaji wengi hushauri yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi. Yaliyotoka kwenye gari langu yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Sikumbuki kuwa yaliwahi kubadilishwa tangu nilinunue. Na kwa hali yoyote usitie humo mafuta ya injini, mafuta ya gia wala maji ya sabuni, hata kama kijiji kiko mbali na duka liko mjini. Mafuta ya injini huvimbisha mipira yote ya mfumo, na baada ya hapo hakuna sehemu itakayosalimika. Mafuta ya breki nayo hubabua rangi ya gari. Yakimwagika, yaoshwe mara moja kwa maji mengi. Yaliyotumika yasimwagwe kwenye mtaro. Mitaro yetu huishia mabondeni na mitoni, na mito ndiyo tunayokunywa.

Kwenye miteremko yetu

Msomaji anayeendesha mjini Songea peke yake anaweza kuishi na pedali laini kwa majuma kadhaa bila kuadhibiwa. Barabara zinazotoka mjini hazina huruma hiyo. Anayekwenda Njombe atakutana na milima ya Lukumburu. Anayekwenda Mbinga na kuteremka hadi Mbamba Bay huacha nyanda za juu za Umatengo na kushuka hadi ufukwe wa Ziwa Nyasa, ulio takriban mita 475 tu juu ya usawa wa bahari. Katika miteremko ya namna hiyo breki zinazokanyagwa mfululizo hupata joto kali. Mafuta yaliyozeeka huchemka ndani ya kalipa na kugeuka mvuke, na mvuke hubonyea kama hewa. Pedali iliyokuwa imara Mbinga huweza kuzama kabla ya ziwa kuonekana, kisha ikawa imara tena gari likipoa, na dereva akaamini kwamba aliota.

Kinga ni gia. Shuka na gia ambayo ungeitumia kupanda mlima huohuo. Kwa gari la otomatiki tumia 2 au L. Kanyaga breki kwa vipindi vifupi na kuachia, badala ya kuuweka mguu juu yake muda wote. Na pedali ikizama ukiwa mwendoni, kanyaga na kuachia kwa haraka mara kadhaa, punguza gia hatua kwa hatua, vuta breki ya mkono taratibu bila kuifunga kwa nguvu, washa taa za tahadhari, na utafute mahali pa kupanda au pembezoni palipo salama. Usizime injini, kwa kuwa utapoteza msaada wa busta na wepesi wa usukani.

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, hairuhusu gari bovu kuwa barabarani, na askari anayelizuia gari lenye breki laini anatimiza wajibu wake. Kwa magari ya Serikali, matengenezo yana utaratibu wake kupitia TEMESA, na dereva ana daftari la gari la kuandikia hitilafu. Ninawaomba madereva wenzetu walitumie bila kuona haya. Maneno matatu, "pedali inashuka chini", yaandikwe kabla ya safari ya chanjo, siyo baada yake. Abiria wa Noah na Hiace nao wana haki ya kumuuliza dereva kwa nini anakanyaga breki mara tatu ili kusimama kituoni. Hata bajaji nyingi zinazotubeba hapa mjini zina breki za mafuta, nazo huingiwa na upepo kwa namna ileile.

Kwa kijana anayetaka kuijua kazi hii kwa misingi yake, Chuo cha VETA kilichopo Songea hufundisha ufundi wa magari. Nasema hivi bila kumdharau fundi wa chini ya mwembe. Yule aliyenifundisha alijifunza chini ya mwembe. Tofauti yake na yule wa kwanza haikuwa cheti. Ilikuwa kwamba, alipomaliza, aliingia mwenyewe ndani ya gari, akakanyaga, akashikilia, akahesabu hadi thelathini kwa sauti, akaliendesha uani kwa mwendo wa mtu anayetembea, akasimamisha, akarudi kutazama kila gurudumu kama kuna unyevu. Ndipo akanikabidhi funguo. Tangu siku hiyo mimi hufanya vivyo hivyo mbele ya kila fundi, na sijamwona aliyekasirika.

Mwezi uliofuata nilimpeleka tena mama kliniki. Kwenye mteremko uleule palikuwa na pikipiki iliyobeba kuni, ikiyumba katikati ya njia. Nilikanyaga mara moja. Mama alikuwa akinisimulia habari za shamba la mihogo la shangazi, wala hakukatiza.